Baada ya Matokeo: Mzazi, Mkono Wako Uko Wapi?



Himdi zote ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, enyi wazazi na ndugu zetu wasomaji, juma hili tumeona tugeukie jambo linalozikuta nyumba zetu nyingi kila mwaka: mtoto amemaliza kidato cha nne, matokeo yametoka, vigelegele vimepigwa au machozi yamefutwa, kisha nyumba nzima inanyamaza kwa kuwa hakuna anayejua hatua inayofuata.

Mwezi uliopita tulikuwa Nairobi kwa arusi ya jamaa yetu, na baada ya sala ya Ijumaa tukaalikwa chakula Kitisuru. Kwa asiyeujua, mtaa huo uko magharibi ya jiji, mbele kidogo ya Westlands, na majumba yake makubwa yamesitirika nyuma ya kuta na miti mirefu. Mwenyeji wetu hakuwa mwenye jumba. Ni mama wa kwetu, mzaliwa wa Kisauni, ambaye kwa miaka kumi na moja amepika katika moja ya nyumba hizo na kulala katika chumba cha watumishi kilicho uani. Kwa ruhusa ya matajiri wake alitupikia wali wa nazi na samaki wa kupaka, nasi tukala tukamshukuru Mola. Binti yake, aliyelelewa na nyanyake Kisauni, alikuwa amekuja kukaa naye baada ya mtihani wa KCSE.

Tulipomaliza kunawa, mama akatuletea karatasi iliyokunjwa mara nne. "Sheikh," akasema, "nataka dua. Mtoto amepata C+, na tumeshamwombea unesi chuo kikuu."

Tukaifungua. Ilikuwa imechapwa katika duka moja la kompyuta, na kijana wa duka ndiye aliyejaza kila kitu. Nafasi zote za uchaguzi zilikuwa za shahada ya uuguzi, chuo hiki na kile. Tukamwomba binti afungue ukurasa wake kwa simu ili tulinganishe alama zake na za waliochukuliwa mwaka uliotangulia. Akasema nywila haijui, kijana wa duka ndiye aliyeiweka. Hata nambari ya simu iliyoandikwa haikuwa yake. Alipoipata nywila, baada ya kurudi dukani na kuidai, tuliona wazi kwamba katika kila chuo alichokiomba alama zake zilikuwa chini sana ya zilizotakiwa. Karatasi ile ilikuwa ya matumaini matupu, na siku za kubadilisha zilikuwa zimebaki tatu.

Katika nyumba ile ile, upande wa mbele, yuko kijana wa rika la binti huyu. Mama alitueleza bila wivu kwamba tangu kijana yule akiwa na miaka miwili ya masomo mbele yake, wazazi wake walikuwa wakikaa naye mezani na mwalimu wa kumshauri: masomo gani ayashike, chuo gani kinataka nini, barua gani iandikwe na ipelekwe lini. "Nami nilikuwa nawapelekea chai," akasema. "Nilidhani ni mambo ya Wazungu."

Ndugu zetu, hapo ndipo tulipochomwa. Hatuna haki ya kusema kwamba Mola amempa kijana yule akili zaidi. Mmoja alikuwa na watu wazima waliokaa naye kitako, na wa pili alikuwa na dua peke yake. Dua ni silaha ya muumini, lakini mkulima huomba mvua akiwa ameshalima.

Basi tusiseme kwa ujumla. Hebu tuyataje mambo kama yalivyo.

Kwanza, mlango ni mmoja na una utaratibu wake. Vyuo vikuu vya umma, vyuo vya ufundi na vyuo vya uuguzi vya KMTC huombwa kupitia tovuti ya KUCCPS, taasisi ya serikali inayowapangia wanafunzi nafasi. Mwanafunzi huingia kwa nambari yake ya mtihani na mwaka aliofanya KCSE, na nywila ya mwanzo huwa nambari ya cheti cha kuzaliwa au ya mtihani wa KCPE. Haya yote mtoto anaweza kuyafanya mwenyewe mbele ya macho yenu. Mkienda kwa mwenye kompyuta, mlipeni kwa kazi ya vidole vyake, msimwachie uamuzi. Nambari ya simu iwe ya mtoto au ya mzazi, na nywila iandikwe katika daftari la nyumbani.

Pili, daraja ya jumla si ufunguo wa kila mlango. C+ ndicho kiwango cha chini cha kuingia shahada, na katika matokeo ya mwaka 2024 waliokifikia au kukipita walikuwa 246,391, katika watahiniwa zaidi ya 960,000. Lakini kila kozi ina masomo manne inayoyatazama zaidi, na alama hizo huchanganywa na jumla ya mtihani mzima. Ndiyo maana watoto wawili wenye C+ hupata bahati mbili tofauti. Tovuti huonyesha alama za mwisho zilizochukuliwa mwaka uliotangulia, na mwenye busara huchagua moja ya kutamani, moja ya kulingana naye, na moja ambayo hawezi kuikosa.

Tatu, tuache kudharau diploma. Binti yetu wa Kitisuru alikuwa na alama nzuri za Biolojia na Kiingereza, na Kemia yake haikuwa mbaya. Diploma ya uuguzi ya KMTC humpokea mwenye C, yakitimia masharti ya masomo, na matawi yake yako Mombasa, Msambweni na Kilifi, karibu na nyanyake. Mama aliposikia neno diploma alikunja uso. Tukamuuliza: "Dada yetu, ulipojifungua mtoto huyu, nesi aliyekupokea ulimuuliza ana shahada?" Akacheka, na binti akacheka zaidi. Wale ambao hawakufika C nao hawakufungiwa dunia. C- hufungua diploma nyingi za ufundi, D hufungua cheti, na aliye chini ya hapo ana nafasi ya kujifunza ufundi wa mkono. Fundi umeme mwaminifu hatafuti kazi, hutafutwa.

Nne, karatasi. Hapa sisi watu wa Pwani tuna mtihani wetu wa peke yetu. Katika cheti cha kuzaliwa mtoto ni Mwanaisha, shuleni ni Aisha, na katika kitambulisho cha babake jina la ukoo limeandikwa Mohamed hali ya mtoto ni Muhammad. Kwetu ni jina moja, kwa kompyuta ni watu wawili. Zitazameni karatasi hizo mapema, si wiki ya kuomba chuo. Kitambulisho nacho kishughulikiwe mara tu atimizapo miaka 18, kwa kuwa twajua ni jamaa wangapi wetu waliozungushwa na kuulizwa asili ya babu zao. Maombi ya ufadhili yatavihitaji vitambulisho vya wazazi pia, na kama mzazi amefariki, cheti cha kifo.

Sasa tuje kwenye fedha, na hapa tuna jambo la kukiri.

Tangu mwaka 2023 serikali imekuwa na mfumo mpya wa kugharamia vyuo vikuu: mwanafunzi huomba, hali ya nyumba yake hupimwa, kisha hupangiwa sehemu ya ufadhili isiyolipwa, sehemu ya mkopo, na sehemu ya kutolewa na wazazi. Maskini zaidi ndiye hupata ufadhili mkubwa zaidi. Kwa hiyo jazeni ukweli wa hali zenu. Wapo wanaoona haya kuandika kwamba baba ni mvuvi au mama anauza mahamri, wakapamba, kisha wakapangwa pamoja na wenye nacho. Mfumo huu umebishaniwa hadi mahakamani, basi someni tangazo la mwaka wenu kabla ya kujaza.

Ama sehemu ya mkopo wa HELB, huandamana na nyongeza ya asilimia 4 kwa mwaka, na hapo ndipo binti yule, aliyekuwa kimya muda wote, alipotuuliza: "Sheikh, nikiuchukua nitakuwa nimekula riba?"

Wasomaji wetu, swali hilo si geni masikioni mwetu. Miaka minane iliyopita tulisimama juu ya mimbari tukaikemea riba kwa ukali, tukautaja na mkopo huu kwa jina. Tulisema haki. Lakini tuliposhuka hatukumuuliza yeyote: wewe uliyeitwa chuoni, utalipa kwa nini? Kijana mmoja katika safu za nyuma aliitikia nasiha yetu, akaiacha nafasi yake ya uhandisi. Leo anaendesha bodaboda. Si kazi ya aibu, ni chumo la halali, na kila atuonapo hutusalimia kwa heshima. Salamu yake hutuuma kuliko tusi. Tulimfungia mlango mmoja kwa jina la dini, wala hatukumfungulia wa pili ambao dini hiyo hiyo imetuamrisha tuufungue.

Kwa hivyo hatutoi fatwa katika ukurasa huu. Riba ni riba, na hali ya dharura ya mtu hutazamwa mbele ya mwanachuoni anayemjua mtu huyo na nyumba yake. Tunachosema ni kwamba ziko njia za kupitia kabla ya kufika huko: ufadhili usiolipwa, basari ya kaunti, basari ya mfuko wa eneo bunge, na mkono wa jamaa. Ya mwisho ndiyo tunayoidai. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamemhesabu miongoni mwa wanaostahiki zaka mwanafunzi wa elimu ya dini ambaye masomo yanamzuia kuchuma, na wengi wa zama zetu wameieneza hukumu hiyo kwa elimu nyingine zenye manufaa kwa umma. Katika arusi ile tuliyoiendea Nairobi tulihesabu sahani kwa macho. Kilichobaki bila kuliwa kingemlipia mtoto muhula. Tukimwambia kijana "usikope kwa riba" kisha tukamkunjia mikono, tutaulizwa.

Wazee wetu walilijua hili. Mwishoni mwa miaka ya 1940 ilipoasisiwa Mombasa taasisi ya ufundi kwa vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki, ile iliyojulikana kwa jina la MIOME, Aga Khan alitoa, Sultani wa Zanzibar alitoa, Mabohora walitoa. Ndiyo iliyokua hata mwaka 2013 ikawa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, pale Tudor. Ni watoto wangapi wamepitia hapo bila kujua kwamba kuta zile zilisimama kwa sadaka?

Tulibakisha jambo moja kwa yule mama. Babake binti, aliyeko Kisauni, alikuwa na posa mkononi na hakutaka kusikia habari za kusoma mbali. Tulimpigia simu mbele yao. Hatukumgombeza, kwa sababu hofu ya baba kwa bintiye ni sehemu ya mapenzi. Tulimwambia kwamba uuguzi unasomwa Mombasa na Msambweni pia, kwamba posa ya kheri haikimbizwi na cheti, na kwamba wake zetu wanapougua tunataka wahudumiwe na mwanamke mwenye staha. Nani atakuwa mwanamke huyo ikiwa kila mmoja wetu anamficha wake? Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Sheikh, nitakwenda kukiona hicho chuo kwanza." Hilo latosha kwa mwanzo.

Jioni, tulipokuwa tukiondoka, tulipita nao barabara ya Lower Kabete hadi mbele ya lango la kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Mama amepita hapo kwa matatu miaka kumi na moja. Tukamuuliza kama amewahi kuingia. "Mimi? Niingie kufanya nini?" Tukamwomba bawabu ruhusa, akatuandika katika daftari, tukaingia sote watatu. Tulitembea robo saa tu, tukayaona madarasa, tukawaona mabinti wawili wamevaa buibui wameketi chini ya mti na vitabu. Mama akawatazama sana. Kisha akamshika bintiye mkono, kana kwamba ni mtoto wa chekechea, wakatembea hivyo mpaka langoni.

Binti alibadilisha chaguo zake zikiwa zimebaki siku mbili: kozi za shahada zinazolingana na alama zake, na uuguzi wa KMTC nao umo katika mipango yake. Matokeo ya nafasi bado tunayangoja, na twawaomba mumkumbuke katika dua zenu.

Mwenye mtoto ambaye hajachagua masomo bado asingoje. Mtoto anapoacha Fizikia au Biolojia kwa kuona ni ngumu, huacha pamoja nayo kazi ambazo hajazijua bado. Kaeni naye kabla hajachagua. Na wenye watoto katika mtaala mpya wajue kwamba KCSE ya mfumo wa zamani itamalizika mwaka 2027, na kwamba uchaguzi wa njia ya masomo sasa hufanywa mapema, mtoto akielekea darasa la kumi.

Wenye misikiti nasi tuna ombi kwao. Meza moja, kompyuta moja, na kijana mmoja wa chuo, kila Jumamosi baada ya Alasiri kwa majuma machache ambayo tovuti iko wazi. Hakuna gharama inayotisha hapo. Wahyi wa kwanza ulianza kwa amri ya kusoma, basi na iwe si ajabu kwa msikiti kumsaidia mtoto apate mahali pa kusomea.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awafungulie watoto wetu milango ya kheri, na atusamehe sisi milango tuliyowafungia kwa kutojua.

Wallahu a'lam, wabillahi tawfiq.