Nyumba Hukaguliwa Kabla ya Kulipwa



Ndugu wasomaji, juma hili twataka kuzungumzia jambo ambalo wengi wetu hulifanya mara moja tu maishani, na aghalabu kwa pupa: kununua nyumba.

Jamaa zetu wawili, mume na mke, waliweka akiba kwa miaka kumi na miwili. Mama aliongeza hata dhahabu zake za harusi. Wakanunua nyumba Kisauni mwezi wa Februari, jua la kaskazi likiwaka. Kuta zilikuwa zimepakwa rangi mpya, na kila kitu kilipendeza. Masika yalipoingia rangi ikabambuka, chumvi ikachanua ukutani, na vipande vya dari vikaanguka katika chumba cha watoto. Juu yake nondo zilionekana zimeliwa na kutu. Walipomrudia muuzaji, aliwajibu kuwa nyumba waliiona kwa macho yao. Ni kweli, waliiona. Hawakuikagua.

Dini yetu haimruhusu muuzaji kuficha ila ya bidhaa yake. Twakumbuka jinsi Mtume (S.A.W.) alivyotia mkono katika chungu la nafaka sokoni, akakuta umajimaji chini ya nafaka kavu, akamkemea mwenye nayo. Na mafakihi wametupa khiyari ya kasoro: mnunuzi akigundua ila iliyokuwapo kabla ya kununua, naye hakuijua, ana haki ya kurudisha. Lakini tusijidanganye. Kwa Katiba yetu ya 2010, Mahakama ya Kadhi husikiliza mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Kesi ya ukuta mbovu itakwenda kwingine, na huko swali la kwanza litakuwa: mkataba wasemaje? Basi yatupasa kuangalia kabla ya kutia saini.

Tuanze na jengo lenyewe. Sisi watu wa pwani tuna adui ambaye wa bara hamjui sana, nayo ni chumvi. Hewa ya bahari hula chuma, na zege iliyochanganywa kwa mchanga wa baharini usiooshwa huozesha nondo kutoka ndani. Tazama chini ya dari na kwenye nguzo: ufa unaofuata mstari wa nondo, wenye alama ya kutu, ni onyo kubwa. Ufa mwembamba kama unywele katika lipu si neno. Ufa mpana unaokwenda mshazari kutoka pembe ya dirisha huenda waonyesha kuwa msingi umetitia. Gonga ukuta kwa vifundo vya vidole; pakisikika uwazi, lipu imeachana na jiwe. Na ukikuta kipande kimoja tu kimepakwa rangi mpya, uliza kilichofunikwa.

Kwa nyumba kongwe za matumbawe na boriti, kama zile za Mji wa Kale na Lamu, chunguza ncha za boriti zinapoingia ukutani, kwani hapo ndipo maji hukaa na mchwa huanza. Mti mzima hukataa msumari, mti mbovu huupokea. Fungua mifereji yote kwa pamoja, washa taa zote, onja maji ya kisima, na uulize shimo la choo liko umbali gani na kisima hicho. Kisha rudi siku ya mvua, na urudi tena usiku. Majirani nao wasikilize. Wao wajua maji ya mtaa hupita wapi.

Usimtumie fundi aliyeletwa na dalali. Mtafute wako, na kwa nyumba ya ghorofa mtafute mhandisi, umlipe mwenyewe, akupe ripoti kwa maandishi. Gharama yake itaonekana ndogo ukiilinganisha na kuvunja dari na kumimina upya.

Amma ardhi, nayo hukaguliwa. Nenda katika masjala ya ardhi ukafanye upekuzi rasmi, ujue mmiliki ni nani na kama pana rehani au zuio. Mwite mpima akuonyeshe mawe ya mipaka. Uliza stakabadhi za kodi za kaunti. Hapa Mombasa uliza zaidi: je, nyumba hii ina ardhi yake? Nyumba nyingi mitaani mwetu ni nyumba bila ardhi. Mwenye kuta si mwenye kiwanja, naye hulipa kodi ya ardhi kila mwezi. Kununua nyumba ya namna hiyo si kosa, bora ujue unachonunua, umwone mwenye ardhi, na uridhike na bei.

La mwisho ni zito kuliko yote. Nyumba nyingi za pwani ni za mirathi. Mzee amefariki, hati ingali kwa jina lake, na ndugu mmoja anauza. Dada zake walioolewa Malindi au walio Omani hawana habari. Ukinunua hivyo, umenunua fungu la mayatima na wanawake pamoja na ugomvi wao. Dai uone hati ya mahakama inayowataja warithi, na ridhaa ya kila mmoja. Na kama ni nyumba ya ndoa, sheria ya Kenya yataka pia ridhaa ya mume au mke wa muuzaji.

Haya yote yafanyike kabla ya kutoa ile asilimia 10 ya mwanzo ambayo kwa kawaida hudaiwa. Muuzaji akikuharakisha kwa kusema kuna mtu mwingine anakuja na fedha jioni, mwache huyo mwingine anunue. Na mkiafikiana, wakili wako aandike ndani ya mkataba kasoro zilizoonekana, nani atazitengeneza, na bei itapunguzwa kiasi gani.

Jamaa zetu wa Kisauni wangali wanaishi katika nyumba ile. Chumba cha watoto kimefungwa, na dari inatengenezwa kidogo kidogo kila mshahara uingiapo. Wametupa idhini tusimulie habari yao, bila majina, ili mwengine asiyapate yaliyowapata.

Wabillahi tawfiq.