Mafua ya ndege: sheria tunazo, ila zinaishia wilayani

Wiki hii naweka dawa na chanjo pembeni kidogo, niseme maoni yangu kuhusu jambo ambalo vijijini tunalichukulia kirahisi mno.

Kuku wakifa kwa wingi huku kwetu, jibu liko tayari: "ni mdondo huo." Wanaokaribia kufa wanachinjwa haraka, wengine wanaingia kwenye tenga kwenda mjini, mizoga inatupwa mtoni. Miaka mingi jibu hilo limekuwa sahihi. Shida ni kwamba mafua makali ya ndege nayo yanaanza hivyo hivyo: vifo vya ghafla, kukohoa, upanga na uso kuvimba na kubadilika rangi. Kwa macho huwezi kutofautisha, hata mimi siwezi. Kinachotofautisha ni maabara, na maabara haiwezi kupima kuku aliyeliwa jana.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya Ulaya na China. Sivyo. Virusi vya H5N1 viliingia Afrika kupitia Nigeria, Februari 2006. Misri watu zaidi ya 350 waliugua, na wengi walikuwa wa kawaida tu wanaofuga nyumbani kama sisi. Januari 2017 Uganda ilitangaza H5N8 baada ya ndege pori kufa pembeni ya Ziwa Victoria. Hilo ziwa si ni letu pia?

Sasa tazama tulipo. Delta ya Rufiji imo kwenye eneo la Ramsar la Rufiji-Mafia-Kilwa tangu 2004, na kila mwaka ndege wanaohama kutoka kaskazini ya dunia wanatua kwenye matope yake. Bata wetu wanashinda kwenye majaruba ya mpunga, maji yale yale. Na bata anaweza kubeba virusi bila kuonyesha dalili yoyote.

Upande wa sheria hatuko watupu. Ipo Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya 2003: inamtaka mfugaji kutoa taarifa ya ugonjwa, na inaipa serikali mamlaka ya kuweka karantini na kuteketeza mifugo. Ipo Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022. Lipo pia Dawati la Afya Moja chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, linalowaweka pamoja watu wa afya, mifugo na wanyamapori. Kwenye karatasi tuko vizuri.

Lakini muulize mama mwenye kuku ishirini: wakifa watano usiku, anampigia nani? Hajui. Na ukimwambia sheria inamtaka aripoti, atakuuliza swali moja tu: "Mkija kuwachoma waliobaki, nani atanilipa?"

Swali hilo ndilo kiini cha jambo lote. Mwaka 2017 pale Namanga vifaranga 6,400 kutoka Kenya viliteketezwa kwa moto, kwa sababu viliingizwa kinyume cha zuio lililowekwa kwa hofu ya mafua ya ndege. Sipingi zuio. Ila mfugaji mdogo alichokiona ni moto, na akajifunza kuficha. Akificha yeye, karantini itakuja wakati ugonjwa umeshavuka daraja.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kiwango cha fidia kijulikane kabla ugonjwa haujafika. Halmashauri ikae na wafugaji, iseme wazi kuku mmoja ni kiasi gani, bata kiasi gani, fungu linatoka wapi na linalipwa ndani ya siku ngapi. Kuna watakaosema halmashauri haina hela. Sawa, lakini kulipa kuku mia wa kijiji kimoja ni rahisi kuliko kuua kuku wa wilaya nzima, achilia mbali kuuguza watu.

La pili, kamati ya maafa ya kijiji isisubiri mafuriko tu. Mafuriko ya Aprili 2024 yalituonyesha kwamba watu wasiojua nani anafanya nini wanapoteza siku za kwanza, na siku za kwanza ndizo muhimu. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii na bwana mifugo wawe kwenye kamati moja, namba zao zibandikwe ofisi ya kijiji na msikitini.

La tatu, Daraja la Mkapa. Matenga ya kuku wa Lindi na Mtwara yanayokwenda Dar kwa barabara hii yanapita hapa. Tukipanga mapema nani anakagua vibali pale siku ya dharura, tumefanya kazi kubwa.

Wewe mfugaji, usisubiri mkutano. Chanja mdondo kila miezi mitatu. Kuku waliochanjwa vizuri wakifa wengi kwa mpigo, hapo tutajua haraka kuwa kuna jambo jingine. Mizoga usiishike mikono mitupu, usiile, usiitupe mtoni. Ifunike, watoto wakae mbali, halafu piga simu kwa afisa mifugo wa kata.

Na mkutano wa kijiji ukiitishwa, nyoosha mkono uulize habari ya fidia. Ukiuliza peke yako utaonekana mkorofi, mkiuliza ishirini itaandikwa kwenye muhtasari.