Kliniki ya kisukari ipime sukari, na iulize mgonjwa anaishije

Ukifika kliniki ya kisukari unapimwa mengi. Unapanda kwenye mizani, unapimwa presha, unachomwa kidole, na ukibahatika unatolewa damu ya kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari yako kwa miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Kila jibu linaandikwa kwenye daftari. Kisha daktari anakuuliza, “Unaendeleaje?” Unajibu, “Naendelea vizuri,” unachukua dawa na kuondoka.

Jibu hilo la mwisho mara nyingi haliandikwi popote. Kwa maoni yangu, hilo ni pengo kubwa katika huduma ya kisukari. Namna mgonjwa anavyojisikia na anavyoishi inapaswa kupimwa na kuandikwa kila anapohudhuria kliniki, kama sukari yake inavyoandikwa.

Fikiria watu wawili ambao HbA1c yao ni asilimia 7.5. Wa kwanza sukari yake haipandi wala haishuki sana. Wa pili inapanda mno mchana, usiku inashuka chini ya 3.9. Anaamka amelowa jasho, anatetemeka, moyo unamwenda mbio. Sasa anaogopa kulala, na siku nyingine anaruka sindano ya jioni. Kwenye daftari watu hawa wanafanana kama mapacha, kwa sababu wastani huficha kupanda na kushuka. Tofauti yao wanaijua wenyewe.

Yapo mengine ambayo hayaonekani kwenye mashine ya sukari: miguu kuwaka moto usiku, nguvu za kiume kupungua, aibu ya kujichoma sindano mbele za watu, mawazo ya fedha za vijiti vya kupimia, na kuchoka kuhesabu kila tonge. Haya ndiyo humfanya mtu aache dawa kimyakimya, kisha aonekane mkaidi.

Utafiti wa DAWN2, uliofanyika katika nchi 17 na kuchapishwa mwaka 2013, uliwahoji zaidi ya watu 8,500 wenye kisukari. Karibu 45 kati ya kila 100 walikuwa na msongo wa mawazo uliotokana na ugonjwa wao. Hata hivyo, takribani 24 tu kati ya 100 ndio waliosema wahudumu wao waliwauliza kisukari kinaathiri vipi maisha yao.

Vipimo vya kuulizia vipo, na havihitaji maabara. Kimojawapo, WHO-5, kina maswali matano kuhusu wiki mbili zilizopita: kama umekuwa na furaha, utulivu, nguvu, usingizi wa kukupumzisha, na mambo ya kukuvutia maishani. Kila swali lina alama 0 hadi 5. Jumla huzidishwa kwa 4, na anayepata chini ya 50 anahitaji kuangaliwa zaidi. Kingine, PAID, huuliza moja kwa moja kuhusu mzigo wa kisukari.

Utasikia kwamba foleni ni ndefu na wauguzi ni wachache. Ni kweli. Lakini maswali matano yanajibiwa ukiwa kwenye benchi unasubiri kuitwa, na asiyejua kusoma anaweza kusomewa.

Hofu yangu iko kwingine, kwamba karatasi itajazwa na kufungiwa kabatini. Uholanzi walijaribu jambo hili kwa vijana wa miaka 13 hadi 17 wenye kisukari aina ya kwanza. Kwa mwaka mmoja, kila kijana alijaza maswali kuhusu maisha yake na daktari akazungumza naye juu ya majibu hayo. Sukari yao haikubadilika kwa sababu hiyo, ila hali yao ya kihisia iliboreka. Utaratibu huo ulipokoma, mwaka mmoja baadaye nafuu ile ilikuwa imefifia. Kwa hiyo kuuliza kuende sambamba na kuzungumza, na kusiwe kwa msimu.

Mzazi, hili linakuhusu pia. Mtoto akirudi shuleni, salamu yako ya kwanza isiwe “sukari ngapi?” kila siku. Muulize siku yake ilikuwaje, na kama wenzake wanamtania anapojidunga insulini. Kliniki, mwache ajibu mwenyewe kabla hujamsemea.

Huna haja ya kusubiri utaratibu mpya. Kabla ya tarehe yako ijayo, andika mambo matatu: linalokusumbua zaidi kuhusu kisukari, mara ngapi sukari ilishuka tangu ulipohudhuria mara ya mwisho, na dozi ngapi uliruka na kwa nini. Mkabidhi daktari karatasi hiyo na umwombe aiweke kwenye faili. Dozi usiipunguze mwenyewe kwa hofu ya sukari kushuka. Mweleze hofu hiyo ili mtafute dozi inayokufaa. Na ukiona huna tena hamu ya kuishi, usingoje tarehe ya kliniki. Mwambie mtu wa karibu na uende kituo cha afya siku hiyohiyo.

Safari ijayo ukiulizwa unaendeleaje, usikimbilie kusema vizuri. Sema ilivyo, na uhakikishe imeandikwa.