Moshi wa Uskoti na Moshi wa Jikoni Kwetu



Katika arusi moja tuliyoihudhuria hapa Kayanga, chupa ya Johnnie Walker Black Label iliwekwa katikati ya meza kuu. Kibuyu cha rubisi alichokileta babu wa bwana arusi kilipelekwa nyuma ya nyumba, karibu na masufuria. Mgeni mmoja alionja wiski ile, akafumba macho, akaisifu kwa ladha yake ya moshi.

Moshi ule watoka wapi? Kule Uskoti, sehemu ya shayiri iliyochipuzwa hukaushwa kwa moto wa udongo wa vinamasi, uliotokana na mimea iliyooza kwa karne nyingi. Kinywaji hukaa katika mapipa ya mwaloni miaka isiyopungua 3. Cha chupa ile, miaka 12. Ndipo wiski za viwanda mbalimbali huchanganywa. Ni ustadi, nasi hatuudharau. Anayeionja kwa kiasi na kwa shukrani hatendi dhambi.

Lakini rubisi nayo ina moshi wake! Ndizi huivishwa shimoni au juu ya uchaga wa jikoni, hukamuliwa kwa nyasi katika mtumbwi wa mti, na maji yake huchachushwa kwa unga wa mtama uliokaangwa. Je, ulimi unaoutambua moshi wa Uskoti waushindwaje moshi wa mafiga ya mama? Tunasema wazi: chupa ile haikununuliwa ili ionjwe, bali ionekane.

Na maonyesho hayo yana gharama. Ni vijana wangapi wa parokia zetu wanaoishi pamoja bila sakramenti ya ndoa, na tukiwauliza hujibu kwamba fedha za sherehe hazijatimia? Kanisa halijapata kamwe kuweka chupa miongoni mwa masharti ya ndoa. Kamati za arusi ndizo zilizoiweka.

Atakayesema kwamba padre anatetea ulevi, na asome Yoshua bin Sira, sura ya 31: divai kwa kiasi husifiwa, ulevi hulaaniwa. Anayeinywa rubisi tangu asubuhi huibomoa nyumba yake sawasawa na mlevi wa wiski. Gongo nayo ni hatari kwa uhai. Mwonjaji hujua kuikomesha mkono. Mlevi haonji kitu.

Kule Kana divai ilipokwisha, Bwana hakuagiza chochote kutoka nchi ya mbali. Alitumia mitungi 6 ya nyumba ile ile, na maji ya mahali pale pale, na aibu ya wenye arusi ikaondoka.

Basi, wazazi na wanakamati, kileteni kibuyu cha babu kwenye meza kuu. Nanyi vijana, msiingojee chupa. Njoni altareni.

Mungu awabariki.