Zagreb Haikutwaliwa kwa Bahati
Hoja iliyochapishwa inadai kwamba muungano wa kijani na mrengo wa kushoto ulilitwaa jiji la Zagreb, Kroatia, kwa sababu tu meya Milan Bandić alifariki Februari 2021, na kwamba siasa hizi ni mchezo wa wasomi wa mjini.

Kifo huacha kiti wazi. Hakimpigii mtu kura. Miezi michache baadaye Tomislav Tomašević, mgombea wa muungano huo, alizoa zaidi ya asilimia 60 ya kura katika duru ya pili ya uchaguzi wa meya. Isitoshe, chama chake cha Možemo na washirika wake walishapata viti 7 vya bunge Julai 2020, Bandić akiwa hai na yuko ofisini. Na mwaka 2025 Tomašević akachaguliwa tena. Safari hii alikufa nani?

Hilo la wasomi ndilo bovu kuliko yote. Mwaka 2010 Tomašević na wenzake waliziba mtaa wa Varšavska ili njia ya kuingilia gereji ya jengo la biashara isimege eneo la waenda kwa miguu. Polisi wakawaondoa mzobemzobe, zaidi ya 100 wakakamatwa, na njia ikajengwa vilevile. Hawakukata tamaa, mwaka 2017 wakaingia baraza la jiji. Mchezo gani huo?

Hoja hiyo inasema pia eti mifuko maalumu ya kulipia ya taka zisizochambuliwa, inayotumika Zagreb tangu Oktoba 2022, ni adhabu kwa wananchi. Anayechambua taka zake hununua michache. Mwandishi aende Jakuševec, kwa wanaoishi kando ya dampo la jiji, awaulize nani aliyekuwa akiadhibiwa miaka yote hiyo.