Dawa Gani Hii Isiyo na Siku ya Mwisho?

Kabati la kioo lilikuwa na taa ndogo za buluu ndani yake, na vifaa vimepangwa kwa rangi kama kalamu za watoto wa chekechea: waridi, kijani, zambarau. Kila kimoja kimeandikwa ladha yake. Embe. Tikitimaji. Zabibu ya barafu. Nilikuwa nimeingia duka hilo la Nairobi, hatua chache kutoka kituo cha matatu, kutafuta chaja ya simu. Juu ya kabati palikuwa pamebandikwa karatasi inayosema kwamba bidhaa hizo humsaidia mtu kuacha sigara. Nikamuuliza kijana wa kaunta: mvutaji wa siku nyingi anayetaka kuacha aanze na kipi?

"Chukua ya embe, mzee. Hiyo ndiyo inaenda sana."

"Nitaitumia kwa muda gani?"

Swali lilimpita. Alinitazama, akaitazama ile ya embe mkononi mwake, akanitazama tena. "Ikiisha si unakuja unachukua ingine?"

Simlaumu kijana. Alijibu kweli tupu, na jibu lake limenisaidia kuelewa mjadala ambao kwa miezi mingi umekuwa ukiendeshwa kwa maneno makubwa na hesabu chache. Mswada wa Marekebisho ya Sheria ya Kudhibiti Tumbaku wa 2024, ulioletwa katika Seneti ya Kenya na Seneta Catherine Mumma, unakusudia kuzileta sigara za kielektroniki, yaani vepu, pamoja na vifuko vya nikotini, chini ya udhibiti wa sheria. Sheria tuliyo nayo ni ya mwaka 2007, iliyoandikwa kabla vitu hivi havijafika katika maduka yetu. Kelele zikaanza mara moja. Tukaambiwa kwamba kuzibana vepu ni kumnyang'anya mvutaji maskini dawa yake, na kwamba anayeunga mkono mswada anataka watu waendelee kufa kwa sigara.

Hoja hiyo haina msingi, na inaniudhi kwa sababu imevikwa joho la huruma. Vepu kama inavyouzwa kwetu haitibu uraibu wa nikotini. Anayetaka tuiheshimu kama dawa akubali kwanza masharti ya dawa.

Watetezi wake wana ya kusema, na nitayataja. Moshi wa sigara hutokana na tumbaku inayoungua, na kuungua huko ndiko kunakozaa lami na monoksidi ya kaboni. Vepu haiunguzi tumbaku. Mwaka 2015 shirika la afya ya umma la Uingereza lilitoa kadirio kwamba madhara ya vepu ni pungufu kwa asilimia 95 kuliko ya sigara, na mwaka 2023 serikali ya nchi hiyo ikatangaza mpango wa kuwapa wavutaji milioni moja vifaa vya kuanzia. Wachambuzi wa Cochrane, ambao huheshimika kwa kupima tafiti za tiba, wanasema vepu zenye nikotini huwatoa watu wengi zaidi kwenye sigara kuliko chingamu na plasta za nikotini. Sina ugomvi na Cochrane. Wala sitamtisha msomaji kwa mapafu ya vijana wa Marekani waliolazwa mwaka 2019. Wengi wao walikuwa wamevuta mafuta ya bangi yaliyochanganywa na aina ya vitamini E, na kuzibebesha vepu za nikotini maradhi yale ni kudanganya.

Lakini hebu tuusome utafiti wenyewe ambao kila mtetezi wa vepu huushika mkononi.

Ulichapishwa mwanzoni mwa mwaka 2019 katika jarida la New England Journal of Medicine, na uliongozwa na Peter Hajek wa chuo kikuu cha Queen Mary, London. Wavutaji 886 waliokwenda kutafuta msaada katika vituo vya kuachisha sigara vya huduma ya afya ya Uingereza waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilipewa vepu, jingine chingamu, plasta na dawa nyingine za nikotini za kuchagua. Baada ya mwaka, asilimia 18 ya waliopewa vepu walikuwa hawavuti tena sigara. Kwa waliopewa dawa za nikotini ilikuwa asilimia 9.9. Karibu mara mbili! Hapo ndipo watetezi hufunga kitabu.

Mimi naomba tugeuze ukurasa. Hiyo asilimia 18 ni watu 79. Watafiti waliwauliza kama bado wanatumia kile walichopewa mwaka mzima uliopita. Watu 63 kati ya hao 79 walikuwa bado wanavuta vepu. Upande wa pili, walioacha sigara walikuwa 44, na waliokuwa bado wakitumia dawa yao ya nikotini ni wanne tu. Toa sasa. Upande wa vepu wanabaki 16 walioachana na sigara na pia wakaachana na kile walichopewa ili kuiacha. Upande wa chingamu na plasta wanabaki 40.

Kumi na sita kwa arobaini. Hesabu hii haihitaji shahada ya takwimu, na imekuwa wazi tangu siku utafiti ulipochapishwa, wala watafiti hawakuificha. Anayeificha ni yule anayekuja mbele ya kamati ya Bunge na ile asilimia 18 peke yake.

Naelewa jibu litakalotolewa: hao 63 hawavuti moshi tena, na hilo ni jema. Ndiyo, ni jema. Sisemi kwamba wameruka majivu wakakanyaga moto. Nasema wamehama. Mtu aliyehama kutoka nyumba inayovuja kwenda nyumba isiyovuja amepata nafuu, ila bado anadaiwa kodi kila mwezi, tena mara nyingi na mwenye nyumba yuleyule, kwa kuwa kampuni kubwa za sigara ndizo zilizoingia kwa nguvu katika biashara hii. Lugha yetu ina maneno mawili tofauti, kuhama na kuacha, na Mswahili hawezi kuyachanganya kwa bahati mbaya. Wanaoyachanganya wanafanya hivyo kwa sababu neno "kuacha" linauza.

Shemeji yangu wa Mombasa ni mmoja wa waliohama. Aliniambia kwenye simu, kwa furaha ya kweli, "Shemeji, nimeacha sigara." Nilifurahi naye. Nilipomtembelea nilikuta kifaa kinaning'inia shingoni kwa kamba, kama funguo za mlinzi. Zamani, akitaka kuvuta, ilimbidi atoke barazani, na mke wake alikuwa mkali kwa hilo. Safari za barazani zilikuwa na kikomo: mvua, wageni, usingizi. Sasa hahitaji kutoka. Anavuta akitazama taarifa ya habari, anavuta akiwa kwenye gari, na usiku nikiwa chumba cha pili nilisikia ile sauti ya kunyonya, fupi, kisha kimya, kisha tena. Dada yangu aliniambia asubuhi kwamba mumewe huwa anaamka kwa ajili ya kifaa hicho na kukivuta chini ya shuka. Sigara hakuwahi kuvuta kitandani. Nilimuuliza shemeji ni lini ataiweka chini hiyo nayo. Akacheka kidogo, akasema hajafikiria.

Hajafikiria kwa sababu hakuna aliyempa la kufikiria. Tazama plasta ya nikotini inavyofanya kazi. Mvutaji mkubwa huanza na ya miligramu 21, kisha 14, kisha 7, na baada ya majuma machache ya kila hatua anaiondoa. Imetengenezwa ili ipungue hadi iishe. Vareniklini, kidonge cha kuachisha sigara, kwa kawaida hutolewa kwa majuma 12. Dawa za namna hii zina siku ya kuanza na siku ya kumaliza, na katikati yake kuna mtu anayekuuliza umefika wapi. Hata wale wa utafiti wa Hajek walikutana na mshauri ana kwa ana kila juma kwa angalau majuma manne, na kimiminika walichopewa cha kuanzia kilikuwa na miligramu 18 za nikotini kwa mililita. Vile vifaa vya embe nilivyoviona vyote vilikuwa vimeandikwa asilimia 5, yaani takriban miligramu 50 kwa mililita. Umoja wa Ulaya hauruhusu kuzidi miligramu 20. Nguvu ni moja kwa wote: kwa mzee wa pakiti mbili kwa siku na kwa msichana ambaye hajawahi kushika sigara maishani.

Kwa hiyo mtu anachukua matokeo ya kliniki ya London, yenye mshauri, kipimo na ufuatiliaji, anayabandika juu ya kabati la Nairobi lisilo na chochote kati ya hivyo, halafu anatuita sisi wakatili tukiuliza maswali. Hapa uvumilivu wangu unaisha.

Unaisha zaidi nikikumbuka kwamba mlango wa dawa uko wazi na wenye bidhaa hawataki kuupita. Mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilikipa kifaa kimoja cha kampuni ya British American Tobacco, e-Voke, leseni ya kuwa dawa ya kuachisha sigara. Madaktari wangeweza kuwaandikia wagonjwa. Kampuni haikukipeleka sokoni kamwe. Na Marekani, mamlaka ya chakula na dawa imeruhusu baadhi ya vepu ziuzwe kama bidhaa za tumbaku, lakini haijaidhinisha hata moja kuwa tiba ya kuacha sigara. Kwa nini mwenye dawa aikimbie leseni ya dawa? Kwa sababu dawa haiwekewi ladha ya tikitimaji kumvutia mtoto. Dawa haiuzwi pembeni mwa chaja za simu. Na dawa ikifanya kazi vizuri, mteja anapotea.

Sisi Wakenya tuliwahi kuonja mchezo huu. Vifuko vya nikotini vya Lyft vilisajiliwa mwaka 2019 na Bodi ya Famasia na Sumu badala ya kupitia sheria ya tumbaku. Vikauzwa madukani kama peremende. Ilibidi afike Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, Oktoba 2020, kusema kwamba usajili ule haukuwa halali. Jina la dawa lilitumika mahali lilipofaa kukwepa sheria ya tumbaku, kisha wajibu wa dawa ukaachwa nyuma. Baada ya hapo nani atanilaumu nikisikia neno "tiba" kutoka upande huo nikataka kuona cheti?

Kuhusu vijana sitasema mengi, maana wengine wamesema. Marekani iliachia ladha na matangazo, na mwaka 2019 asilimia 27.5 ya wanafunzi wa sekondari za juu walikuwa wakitumia vepu. Wengi wao hawakuwa wakiacha sigara yoyote.

Jambo linaloniuma ni lingine. Shirika la Afya Duniani liliingiza tiba ya nikotini katika orodha ya dawa muhimu tangu mwaka 2009, na vidonge vya bupropioni na vareniklini mwaka 2021. Julai 2024 likatoa mwongozo wake wa kwanza wa tiba ya kuacha tumbaku: ushauri, pamoja na dawa hizo na nyingine iitwayo sitisini. Vepu haimo. Sasa nenda mtaani kwako utafute plasta ya nikotini. Utatembea. Mkenya anayetaka kuacha sigara leo anakutana na vepu ya embe kabla hajakutana na plasta ya miligramu 21, na anakutana na sigara moja moja kwenye kibanda kabla ya vyote viwili, ingawa sheria inakataza kuuza sigara nje ya pakiti. Wanaomlilia mvutaji maskini wangelilia hilo, ningewaamini. Sijawasikia wakidai plasta kwenye zahanati za kaunti. Nawasikia wakidai ladha.

Sitaki vepu zipigwe marufuku kama Uganda ilivyofanya katika sheria yake ya mwaka 2015. Mtu mzima aliyeamua kuhama kutoka kwenye moshi ahame, akijua kwamba amehama. Ombi langu kwa watunga sheria ni moja: asiye na cheti cha Bodi ya Famasia na Sumu kinachothibitisha kwamba bidhaa yake ni tiba asiandike, asitangaze wala asibandike popote kwamba inasaidia kuacha sigara. Karatasi ile ya juu ya kabati iondolewe.

Na wewe msomaji unayevuta na umechoka, usione haya kwenda kwa daktari au mfamasia. Taja sigara unazovuta kwa siku, uliza kuhusu plasta, chingamu na vidonge, uliza nani atakuwa akikufuatilia. Kisha uliza swali nililomuuliza yule kijana: nitaitumia kwa muda gani? Usitoe pesa kabla hujajibiwa.