Tairi Linang'aa, Lakini Lina Umri Gani?

Mshikaji, unashuka Ilemba toka Sumbawanga mjini? Mteremko wa Lyamba lya Mfipa hauna utani na mtu. Kabla hujalipia tairi la mtumba, inama usome ubavuni. Penye DOT tafuta tarakimu nne za mwisho: 2319 ni wiki ya 23, mwaka 2019. Usipoziona, geuza upande wa pili. Ukikuta "Traction", hiyo ni kushika lami yenye maji unapofunga breki: AA ndiyo kiboko, zinafuata A, B na C. "Temperature" ni kuhimili joto: A bora, C ya mwisho. Muuzaji akisema "jipya hilo, bosi", na namba inasema 0811, mwachie mwenyewe. Rangi nyeusi hung'arisha tairi, haifuti miaka!